Bwana Harusi Katika Mashamba ya Chumvi

"Mwanangu, kinywa chako ulikiacha Dar es Salaam?" Hilo ndilo swali aliloniuliza shangazi yake bwana harusi Jumamosi iliyopita, mbele ya hadhara ya watu wazima waliovaa kanzu, na kwa kuwa yeye hakungoja jawabu, wala mimi sikuwa nalo, limebaki kifuani mwangu, likiniamsha kila usiku kabla ya adhana ya alfajiri.

Nilikuwa nimekabidhiwa uongozi wa msafara wa gari saba kwenda kuoa katika kijiji kimoja kilicho mbele kidogo ya Bagamoyo, si kwa umri wala kwa elimu, bali kwa sababu kwenye kioo cha gari langu pamebandikwa chombo cha kuonyesha njia, ambacho hunena Kiingereza kwa sauti ya bibi mtulivu asiyejua hasira, na ambacho ndani yake mna ramani ya bure, iliyochorwa na watu wa kujitolea wa dunia nzima. Barabara kuu tuliipita salama salimini. Kisha bibi yule akaamuru tukate kulia, kuelekea baharini; tukakata. Akaamuru tukate kushoto, tukakata. Njia ikawa nyembamba, minazi ikapungua, mikoko ikazidi, na nyuma yangu matari yakaendelea kulia kwa imani isiyo na doa, kwa maana kila dereva alimfuata aliyemtangulia, na wote walinifuata mimi, nami nilimfuata bibi, naye bibi hamfuati mtu.

Tulipotanabahi tulikuwa juu ya tuta. Kulia kwetu maji ya chumvi yametandazwa katika viwanja vya mraba, yakimeremeta hata macho yakauma; kushoto vilevile; na mbele yetu, mahali ambapo chombo kilidai kwamba safari imesaliwa na mita mia nne tu, tuta lilikoma kwa adabu ukingoni mwa mkondo wa bahari uliokuwa ukianza kujaa. Bibi akasema tuendelee mbele.

Gari saba haziwezi kugeuka juu ya tuta la chumvi. Zaweza kurudi kinyumenyume tu, na zikirudi hivyo, ya mwisho huwa ya kwanza. Na ya mwisho ilikuwa ya mjomba mmoja ambaye, kama alivyotuarifu wakati ule na si kabla, alipata leseni yake katika zama ambazo hakuna aliyetahiniwa kurudi nyuma. Gurudumu lake likateleza, likazama. Ikalazimu bwana harusi ashushwe, na joho lake lililotariziwa kwa nyuzi za dhahabu, na kilemba, na jambia kiunoni, akaketishwa juu ya magunia ya chumvi ilhali wazee wa kumwoza walikunja kanzu wakaingia topeni kusukuma. Wafanyakazi wa pale, watu waungwana kabisa, wakaacha kazi zao wakaja kumpa mkono wa pongezi mmoja mmoja, na kijana wao akamwamkia shangazi: "Shikamoo, mama. Harusi ya nani huku?"

"Marahaba, mwanangu," akajibu shangazi. "Muulize huyo mwenye televisheni."

Nikahi ilikuwa imewekwa baada ya sala ya alasiri. Tuliwasili watu wakitoka magharibi, na katika sufuria za pilau tukakuta ukoko.

Sasa yanipasa niwatetee wasiohusika, nao ni setilaiti, kwa maana hazikukosea hata kidogo. Ziko juu yetu umbali wa kilomita zipatazo 20,200, kila moja huizunguka dunia karibu mara mbili kwa siku, na kazi yao yote, ukiitazama kwa makini, ni kutangaza saa na mahali zilipo. Hebu fikiri umesimama gizani katika mji mgeni wenye misikiti minne, nawe wajua kila msikiti uko wapi ila hujui wewe mwenyewe uko wapi, na waadhini wake wote wanne huanza takbira kwa nukta ileile ya wakati: sauti itakayokufikia kwanza ni ya msikiti wa karibu, ya mwisho ni ya ule wa mbali, na ukipima kukawia kwa kila sauti waweza kutambua umesimama kwenye baraza ya nani. Misikiti mitatu ingetosha lau saa yako ingekuwa ya kutegemewa. Wa nne wahitajiwa kwa sababu saa iliyomo ndani ya chombo ni ya bei rahisi, nayo haina budi kusahihishwa katika hesabu iyo hiyo. Na tukumbuke kwamba sauti hii ni ya redio, yenye mwendo wa kilomita zipatazo 300,000 kwa sekunde, hata kosa la sehemu moja tu katika milioni ya sekunde hukutupa mita 300 kutoka hapo ulipo.

La ajabu zaidi, ambalo nimewasimulia watu wengi wasioliomba, ni kwamba saa za huko juu haziendi sawa na zetu. Mwendo wao wa kasi huzichelewesha kidogo, na udhaifu wa mvuto wa dunia huko juu huziharakisha zaidi, mpaka kwa jumla zinatangulia saa za ardhini kwa sehemu 38 katika milioni ya sekunde kila siku, kama inavyolazimu nadharia ya Einstein. Na lau wahandisi wangeupuuza uchache huo, kosa lingekua kwa zaidi ya kilomita kumi kila siku. Tena mpaka Mei 2000 Wamarekani, wenye setilaiti hizo, walikuwa wakiivuruga kwa makusudi ishara ya raia, asijue mahali pake ila kwa kukisia mita mia hivi. Basi elimu yote hii ya falaki, na fedha zote zile, na Einstein mwenyewe, zilishuka juu ya pwani yetu Jumamosi ile zikashuhudia, kwa usahihi wa mita chache, kwamba bwana harusi yumo ndani ya chumvi.

Setilaiti hukuambia ulipo. Palipo na nini ni kazi ya ramani. Ramani ile ya bure, iitwayo OpenStreetMap, ilianzishwa mwaka 2004 na Mwingereza Steve Coast, wakati ambapo ramani za serikali ya kwao zilikuwa bidhaa ya kununuliwa, na umbo lake ni jepesi hata mtoto alifahamu: nukta zenye latitudo na longitudo, nukta zikiungwa huwa mstari, na mstari hupewa lakabu, kwamba huu ni mto, huu ni ukuta, huu ni njia ya gari. Atazamaye picha ya angani akiwa nchi ya mbali huona mstari mweupe ulionyooka, akaupa lakabu aijuayo. Usiku ule nilipofika nyumbani nikaifungua ramani hai mtandaoni, nimekunja ngumi, nikakuta lile tuta limekwisha kuitwa tuta. Mtu wa hapa hapa pwani alikuwa amelisahihisha zamani.

Kumbe chombo changu hakisomi ramani hai. Husoma nakala, nayo lazima ikatwe vipande vipande na kupikwa kwa programu iitwayo mkgmap mpaka igeuke faili la namna kinayoijua, na tangu siku ya kupikwa haijui tena kinachotokea duniani. Kazi hii ya upishi aghalabu hufanywa na mtu mmoja, usiku, baada ya kazi yake ya mshahara, pasipo ujira. Naye aliyepika yangu alikuwa ameacha. Hana deni kwangu. Mimi niliipata kwa fundi mmoja wa Kariakoo, ndani ya kadi, kwa shilingi elfu ishirini, basi Jumatatu nikamwendea nikiwa na hoja kwamba ameuza mali ya umma. Akanitazama kwa huruma. "Mzee wangu, ramani ni bure. Hiyo elfu ishirini ni ya kadi na ya jasho." Nikaenda kuisoma leseni yenyewe, ile iliyoanza kutumika mwaka 2012, nikaona kwamba yaruhusu kuuza, mradi chanzo kitajwe, nacho kilikuwa kimetajwa kwenye ile kadi, kwa herufi ndogo zilizonyooka vizuri.

Hapa kicheko changu huishia. Mwaka 2011 vijana walipita Tandale na vyombo mkononi wakiandika katika ramani hii vichochoro ambavyo ramani rasmi haikuvijali, na kuanzia 2015 mradi wa Ramani Huria ukawatoa wanafunzi wa vyuo vikuu vya Dar es Salaam wakaingia mitaani pamoja na wenyeji, wakahesabu mifereji na kuuliza maji ya mafuriko hufika wapi. Kazi ile hakuna setilaiti iwezayo kuifanya. Lakini mradi una tarehe ya kwisha na mtaa hauna, na mfereji ulioandikwa juzi leo umejengewa kibanda. Mwaka 2019 Microsoft ilitoa majengo yapatayo milioni 18 ya Tanzania na Uganda yaliyochorwa na mashine kutoka kwenye picha. Mwaka 2022 makampuni makubwa, Amazon na Meta miongoni mwao, yakaunda mradi wa ramani uitwao Overture, unaochota katika kisima hiki hiki. Siyalaumu kwa kuchota, na baadhi hurudisha kitu. Ninachokiona kichungu ni kwamba mashine nayo huona mstari mweupe ulionyooka, na aujuaye kuwa tuta ni kijana wa kijijini aliyeusahihisha kwa bando alilolinunua mwenyewe, ambaye hakuna bajeti yenye safu ya jina lake.

Watu waniambia nikitupe chombo, nitumie simu yenye OsmAnd au Organic Maps, ambazo hubeba ramani hii bila intaneti na huipata mpya mara kwa mara. Wasema kweli. Ila chombo changu kizima: chaziona setilaiti vilevile kama siku nilipokinunua, na kilichozeeka ni hiari ya watu kukipikia.

Mengine yaliyonipata nayapita. Kiliwahi kunipeleka pantoni ya Kigamboni na daraja likiwa limefunguliwa tangu 2016, na juu ya barabara ya angani ya Ubungo huniamuru nipinde kulia, hewani.

Kwa hiyo nimeamua kupika mwenyewe. Mkgmap huchemsha kompyuta yangu usiku kucha, nami nimejifunza kwamba mstari wa pwani huchorwa kwa mwelekeo, nchi kavu ikiwa kushoto na maji kulia, na kwamba ukikatika mahali, bahari humiminika. Ramani yangu ya kwanza imeizamisha Dar es Salaam yote na sehemu kubwa ya Mkoa wa Pwani, ikasalia Chalinze, ambayo sasa ni bandari. Jirani yangu mwenye daladala ameshaniomba nakala, maadamu haimgharimu kitu.