Mama Korongo na Deni la Mfereji

Katika bonde la Bugarama, kusini mwa wilaya ya Rusizi, pale Rwanda inapokutana na Burundi na Kongo, wanyama walilima mpunga. Maji waliyapata kwa mfereji uliotoka mto Rubyiro, na mfereji huo ulikuwa chini ya Kiboko. Hakuna aliyekumbuka kumchagua. Alikuwa mkubwa, alikaa mtoni, na kila aliyetaka maji alilazimika kupita mbele ya mdomo wake. Karani wake alikuwa Kima.

Kila shamba lilikuwa na lango lake dogo. Lango likifunguliwa mara moja, mlinzi alikata alama moja kwenye kijiti, na alama moja ilikuwa pipa moja la maji. Mwisho wa msimu Kima alihesabu alama, akaandika bili, na mkulima akalipa kibaba kimoja cha mchele kwa kila pipa. Hesabu hiyo ilieleweka hata kwa vifaranga.

Shamba la mwisho bondeni lilikuwa la Mama Korongo, yule mwenye taji la manyoya ya dhahabu, ambaye alikuwa amelirithi kwa mama yake. Msimu aliolirithi, mafundi wa Kiboko walikuja wenyewe kung'oa lango la zamani lililooza. Wakaweka jipya, pana, lenye kupitisha mapipa kumi kila linapofunguliwa. Kima aliona likiwekwa. Kurudi ofisini akafungua daftari lilelile, na karibu na jina la Korongo akaendelea kuandika alama moja, pipa moja.

Alama zilikuwa 40. Bili ikaja ya vibaba 40, Mama Korongo akalipa siku ileile. Msimu wa pili hivyohivyo. Lakini jirani yake Bata, mwenye shamba la ukubwa uleule, alilipa vibaba karibu 400, na jambo hilo lilimnyima Korongo usingizi. Akaichukua bili yake hadi ofisini.

"Karani, shikamoo. Naomba uiangalie tena hii. Jirani yangu analipa mara kumi."

Kima hakuinua macho. "Lango la jirani yako ni kuukuu, linavuja. Lako ni jipya."

"Basi niandikie kwamba iko sawa."

Kima akapiga muhuri: IMEHAKIKIWA. Mama Korongo akaikunja bili ile, akaiweka chini ya majani ya kiota chake, akaenda kulima.

Ikatimia misimu sita, yaani miaka mitatu, maana Bugarama hupanda mara mbili kwa mwaka. Msimu wa saba Nungunungu alikuja kukagua mahesabu. Aliyapima malango yote kwa miiba yake, na alipofika shamba la mwisho akaligundua kosa. Lililofuata linaniuma hadi leo. Kima alipongezwa mbele ya baraza kwa kusaidia kufichua mapato yaliyopotea. Mama Korongo alipelekewa barua.

Barua ilisema anadaiwa vibaba 2,160 kwa maji ambayo hakuandikiwa, pamoja na vibaba 540 vya faini ya kuchelewa kulipa. Jumla 2,700, ndani ya siku saba. Nawaomba mlitazame hilo la faini kwa makini. Alitozwa kwa kuchelewa kulipa bili ambazo hazijawahi kuandikwa, na ambazo mwenye kuziandika alimhakikishia kwa muhuri kwamba hazipo.

Siku ya nane lango lilifungwa. Mpunga ulikuwa unachanua masuke, wakati ambao ukikosa maji punje hubaki makapi. Lilifungwa siku tisa.

Mama Korongo hakwenda kupiga kelele mtoni. Alidai wapatanishi, kama watu wa Rwanda wanavyopeleka magomvi yao kwa Abunzi, wale majirani waliochaguliwa kwa uadilifu wao na wasiolipwa mshahara, kabla ya kufika mahakamani. Kiboko alimchagua Sokwe, mzee wa msitu wa Cyamudongo. Korongo alimchagua Kinyonga wa Nyungwe. Hao wawili wakamchagua wa tatu, Bibi Kakakuona, ambaye hakuwahi kula na upande wowote.

Kiboko alikuja na wakili, Kunguru wa Bukavu. Kunguru alisimama akasema kwamba ng'ambo ya mto Rusizi, upande wa Kongo, bado inatumika dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, ya enzi za Leopold II, na kwa dekreti hiyo deni haliwezi kufa kwa muda mpaka ipite miaka 30. "Miaka mitatu ni nini? Maji aliyanywa. Mpunga uliota. Aliyepata kitu kwa makosa ya mwenzake hukirudisha, nalo limo humohumo kwenye dekreti."

Sokwe alimjibu, ingawa alikuwa amechaguliwa na Kiboko. "Kijana, upande huu wa mto, mwaka 2019 Rwanda ilizifuta sheria zote zilizowekwa kabla ya uhuru. Na kama unaipenda dekreti yako, isome yote. Inasema pia kwamba anayedai ndiye anayethibitisha. Tuletee vijiti."

Vijiti vililetwa. Vya misimu minne ya mwisho vilikuwepo. Vya misimu miwili ya kwanza Kima alikuwa amevikokea moto. Theluthi nzima ya deni ilikuwa ikidaiwa kwa kumbukumbu ya karani yuleyule aliyekosea.

Ndipo Mbayuwayu aliomba neno. Yeye huenda Ulaya na kurudi kila mwaka, na huyasikia ya wengi. Alisema kuwa Uingereza, tangu 2018, kampuni ya umeme au gesi ikikosa kumwandikia mteja wa nyumbani bili sahihi kwa kosa lake yenyewe, haiwezi kumdai matumizi ya zaidi ya miezi 12 nyuma. Ufaransa nayo imeweka miezi 14. Nchi zote mbili humnyima kinga hiyo mteja aliyezuia mita isisomwe. Nairobi nako, alisema, Januari 2018 wakili Apollo Mboya aliifikisha Kenya Power mahakamani kwa ajili ya bili za matumizi ya nyuma zilizowashukia wateja wasiojua chochote.

"Je, huyu Mama aliwazuia kusoma kijiti chake?" aliuliza Kinyonga, jicho moja kwa Kima, la pili kwa Kiboko.

"Hapana," alisema Kima.

"Aliligusa lango?"

"Hapana."

Mama Korongo akaitoa ile bili yenye muhuri. Ilipita mkono kwa mkono. Kisha akasema maneno ambayo mimi nayaona ndiyo kiini cha kesi nzima.

"Wazee wangu, sikatai kuwa maji niliyatumia. Lakini mchele wangu niliuuza soko la Kamembe, mwingine akina mama wakauvusha daraja hadi Bukavu, na bei niliipanga kwa bili mliyoniletea. Kama mngeniandikia 400, ningeuza ghali zaidi, au ningelima maharage. Fedha ile imekwenda kwenye ada za watoto. Siwezi kurudi kwa wateja wa miaka mitatu iliyopita nikawaambia waniongezee."

Kunguru akadakia kwamba huruma si sheria. Bibi Kakakuona, aliyekuwa amejikunja tangu asubuhi, akajikunjua. Alisema hakuna aliyeomba huruma. Mama huyu aliuliza, akajibiwa kwa muhuri, akapanga maisha yake kwa jibu hilo. Mwenye mizani ndiye mwenye uwezo wa kuikagua, na kila msimu alikuwa na nafasi ya kuikagua. Mteja hana ufunguo wa ofisi. Hasara ikimwangukia mteja peke yake, mwenye mizani hatakuwa na sababu ya kuikagua tena maisha yake yote.

Nami nakubaliana naye, ila sikubaliani na wale waliopiga makofi wakitaka deni lote lifutwe. Maji ya mfereji yanalipiwa na wote, na Bata alilipa yake kamili. Kosa la karani halikuyageuza maji ya Korongo kuwa zawadi.

Wapatanishi walitoka, wakarudi jua likielekea milima ya Kongo. Sokwe alisoma uamuzi.

Faini ya vibaba 540 imefutwa yote. Misimu minne ya mwanzo haidaiwi tena. Mama Korongo atalipa tofauti ya mwaka mmoja wa mwisho, yaani misimu miwili, vibaba 720. Katika hivyo vitatolewa vibaba 300 vya mpunga ulioharibika kwa siku tisa, kwa kuwa lango lilifungwa kabla ya mgogoro kusikilizwa. Vinabaki 420, ambavyo atalipa vibaba 70 kila msimu kwa misimu sita, muda uleule ambao kosa lilidumu. Lango lifunguliwe leo. Kuanzia sasa kila bili iandikwe idadi ya alama na mapipa ya kila alama, mkulima na karani wakiwa wamesimama pamoja mbele ya kijiti. Kima aondolewe kwenye daftari.

Kiboko alipewa siku 30 za kukata rufaa. Hakukata. Vibaba 1,440 vya misimu minne viliandikwa daftarini kuwa hasara ya mfereji, na Kiboko akatia sahihi.