Asali ya Katibu

Enzi zetu paka hakuwa na kliniki. Alikuwa na panya. Akiugua alipotea siku kadhaa. Akirudi amerudi, asiporudi jirani ana wengine wanne na anaomba uwachukue. Leo mimi, mtu mzima mwenye mvi, napangiwa ratiba ya maisha na paka mwenye kisukari.

Anaitwa Katibu, kwa sababu huhudhuria kila kikao cha nyumba hii, hasemi neno, na kwenye posho hachelewi. Ni dume, amehasiwa, ana kitambi, na kazi yake ni kulala juu ya friji. Daktari wa mifugo alipotajiwa sifa hizo alicheka kidogo, akasema ndio wateja wake wakubwa.

Sindano ni mbili kwa siku, saa moja asubuhi na saa moja jioni. Hapo ndipo nilipoagana na jamii. Harusi za mjini huanza saa kumi na mbili kwenye kadi na saa tatu ukumbini, na mimi katikati yake natakiwa niwe nyumbani nimeshika ngozi ya paka. Msibani nikiaga mapema naulizwa kulikoni. Zamani nilieleza. Siku hizi nasema nina mgonjwa nyumbani, watu wananipa pole na wengine wananichangia nauli.

Lakini sindano nimeizoea. Ninachoshindwa kukizoea ni watu. Mtaa mzima unajua jambo moja tu kuhusu kisukari, kwamba sukari ni adui, na hapo elimu imekamilika. Hawataki kusikia kwamba anayechomwa insulini anaweza kufa haraka zaidi kwa kuishiwa sukari kuliko kwa kuzidiwa nayo. Ikipanda siku mbili tatu, paka atakunywa maji kupita kiasi, atajaza mchanga wake mikojo, na wewe unayo nafasi ya kumpigia daktari. Ikishuka, huna nafasi hiyo.

Jumamosi iliyopita Katibu alikula, akachomwa, mambo safi. Kisha akamwona mjusi ukutani. Sijui alimwahi vipi na kile kitambi, ila alimwahi, akammeza, na baada ya muda akatapika chakula chote cha jioni, mjusi akiwa mgeni rasmi. Insulini haikutoka. Hiyo haitapikiki. Ikishaingia chini ya ngozi inafanya kazi iliyotumwa, kuwe na chakula tumboni au kusiwe.

Saa tatu na nusu akaanza kupepesuka. Miguu ya nyuma imelegea, mwili unatetemeka, akaenda kusimama kwenye kona akiutazama ukuta. Mke wangu akafungua kopo la samaki makusudi. Hakugeuka. Katibu asiyegeukia kopo la samaki hahitaji vipimo, ila nilimtoboa pembeni mwa sikio nikapata tone la damu, na mashine ikasoma 2.3. Paka mzima huwa kati ya 4 na 7 hivi. Chini ya 3.5 watu hawakai kujadiliana. Mke wangu, ambaye hata mizani ya sokoni huwa anaibishia, akanikumbusha kwamba mashine ya binadamu mara nyingi husoma damu ya paka chini ya kiwango chake halisi. Nikamwambia kiwango halisi tutakitafuta kesho, sasa hivi alete asali.

Hapo ndipo shemeji yangu alipoamka kwenye kochi.

“Shemeji! Mgonjwa wa kisukari unamlisha asali?”

Alisimama na simu mkononi, nadhani alitaka ushahidi. Jirani akaingia kwa kelele zile, akatusimulia habari za shangazi yake aliyekatazwa hata chungwa. Kisha akapendekeza tuchemshe mwarobaini. Mwarobaini unaosifiwa kushusha sukari, kwa kiumbe ambaye sukari imemwishia! Nikaomba tu mtu anishikie tochi, maana umeme nao ulikuwa na shughuli zake.

Asali inapakwa kwenye fizi na ndani ya shavu, kidogo kidogo, yote isizidi kijiko cha chai au viwili. Huna asali, koroga glukosi ya kopo au sukari na maji kidogo mpaka iwe nzito. Haimiminwi. Shemeji, alipokwisha kuongoka, akarudi na kikombe kizima cha maji ya sukari akitaka tumnyweshe kwa nguvu. Paka aliyelegea hamezi sawasawa. Ukimmiminia, maji yanaingia kwenye mapafu, na sasa una maradhi mawili kwa bei ya moja. Na akianza degedege, vidole visiingie kati ya meno, kwa sababu atauma bila kujua kwamba ni wewe unayelipa bili. Unapaka fizi za nje kwa uangalifu, unamzungushia taulo, na safari ya kwa daktari inaanza hapo hapo.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba paka hajui utamu. Simtukani. Mwaka 2005 watafiti walieleza kwamba jeni moja inayohitajika kutengeneza kionjo cha utamu, kwa paka imeharibika na haifanyi kazi. Kwa hiyo nilimpaka asali ya Tabora, ile halisi niliyokuwa nawaficha watoto, naye akanikunjia uso kana kwamba nimempaka gundi.

Baada ya dakika chache alinyanyua kichwa, akaanza kulamba masharubu. Alipoweza kumeza mwenyewe akapewa chakula, maana sukari ya asali inakwisha upesi na insulini ina saa nyingi mbele yake. Nikakesha. Kila nusu saa natafuta sehemu ya sikio ambayo haijatobolewa, yeye ananitazama kwa chuki, shemeji anakoroma. Asubuhi sindano haikuguswa mpaka nilipoongea na daktari, na daktari akasema aletwe.

Baada ya usiku ule nimebandika kalenda kwenye friji. Anayemchoma anaweka alama, na jina lake. Nyumba yetu ina watu wengi wenye huruma, na huruma ya watu wawili ni dozi mbili. Ukiwa na shaka kama amechomwa, usimchome. Kukosa sindano moja hakumuui. Nimewaambia hivyo hata wageni, ambao hawakuuliza.

Kuhusu mabomba ya sindano, muuza dawa mmoja aliniambia yote ni sawa, nichukue lililopo. Si sawa hata kidogo. Kuna insulini ya uniti 40 kwa mililita na ya uniti 100, na kila moja ina bomba lake. Ukivuta ya 100 kwa bomba la 40, alama moja inakuwa dozi mbili na nusu, na kwa paka wa kilo sita hiyo si hesabu ya kuchezea. Nililirudisha. Akaninunia.

Sasa daktari ananiambia kwa furaha kwamba baadhi ya paka, wakipungua kitambi na kula nyama badala ya wanga, kongosho lao huamka na insulini wanaiacha kabisa. Nikashukuru. Akaongeza kwamba hapo ndipo pa kuangalia zaidi, kwa sababu dozi ya mwezi uliopita inaweza kuwa kubwa mno mwezi huu. Yaani hata kupona kwake kunataka nisilale.

Basi ndugu msomaji, ukipita kwetu jioni ukanikuta nimempakata paka nampaka asali mdomoni, usianze mawaidha. Mashine ya kupimia ipo droo ya juu, namba ya daktari imebandikwa kwenye mlango wa friji, na mwarobaini wako uache nje.