Kilo 23 za Injili

Tiketi ilisomeka 02:40, tarehe 12 Juni, na mzozo wote ulianzia hapo. Mzee wa kanisa aliyepewa utunzaji wa hazina ya msafara alikuwa na hesabu yake: saa nane na dakika arobaini usiku, tarehe 12. Basi siku hiyo mtu anashinda nyumbani, anakula cha jioni, anaagana na ng'ombe wake, ndipo anatoka.

"Hapana, babu," akasema katibu wa kwaya, binti aliyemaliza chuo juzi tu. "Ni usiku wa kuamkia tarehe 12. Huo usiku unaousema wewe, ndege itakuwa imeshafika Ulaya."

Mzee akataka kujua ni lini usiku wa Jumatano ulianza kuitwa Alhamisi. Mtu wa pwani asingeuliza, maana kwake Ijumaa huingia Alhamisi jua likizama; lakini hawa walikuwa watu wa mlimani. Akapigiwa Mchungaji, naye akamuunga mkono binti, kwa sauti ya mtu anayekwenda kuiangalia tiketi yake upya.

Walikuwa wajumbe wa usharika mmoja wa Kilutheri kwenye miteremko ya Kilimanjaro, wakienda kuutembelea usharika rafiki mjini Leipzig, mashariki mwa Ujerumani. Njia hiyo ni ya zamani, ila zamani ilikuwa ya kuja huku. Wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893 kwa kutembea kutoka pwani, shehena yao ikiwa vichwani mwa wapagazi. Mzigo wa kawaida wa mpagazi wakati ule ulikuwa ratili 60 hadi 70, yaani kilo 27 na kuendelea. Shirika la ndege liliwaruhusu wajumbe begi la kilo 23. Kwa hiyo binadamu mwenye shingo moja alibebeshwa mzigo ambao leo ndege yenye injini mbili inaukataa.

Begi la Mama Mwenyekiti wa Umoja wa Wanawake lilipimwa kwenye mizani ya mnunuzi wa mahindi, likasoma 31. Likafunguliwa hadharani. Ndani mlikuwa na majoho ya kwaya, khanga za zawadi, kahawa, mfuko wa dagaa na kilo tano za unga wa sembe. Mchungaji akamwambia kwa upole kwamba Wajerumani nao wanakula.

"Wanakula, Mchungaji," akajibu Mama. "Wanashiba?"

Vikatolewa viatu, sweta mbili na koti lake la baridi. Unga ukabaki.

Hapo Mama alikuwa na sheria upande wake, ingawa hakuijua. Umoja wa Ulaya humkataza abiria anayetoka nchi kama Tanzania kuingia na nyama au maziwa, hata kipande kidogo cha ndafu. Samaki wanaruhusiwa hadi kilo 20, na asali hadi kilo mbili. Matunda mengi yanadai cheti cha afya ya mimea, isipokuwa matano: nanasi, nazi, durian, tende na ndizi. Parachichi haliingii, embe haliingii, ndizi inapita kifua mbele. Mchagga akiisoma orodha hiyo anaweza kudhani iliandikwa Marangu.

Uwanja wa ndege wa KIA walifika mapema mno, kwa Coaster iliyojaa wasindikizaji kuliko wasafiri. Wakaimba kwenye maegesho, wakaombewa, wakaombewa tena na mjomba aliyechelewa, kisha wakaingia ndani kuvuliwa mikanda. Tangu mwaka 2006, baada ya njama ya kulipua ndege kwa vimiminika kugunduliwa Uingereza, katika viwanja vingi chupa ya mkononi haitakiwi kuzidi mililita 100, na dawa ya meno nayo inahesabiwa kimiminika. Mafuta ya nazi ya Mama yakabaki mezani. Ofisa akamuuliza katibu vimiminika vyake viko kwenye mfuko gani wa plastiki, katika nchi iliyopiga marufuku mifuko hiyo tangu Juni 1, 2019. Binti akadhani anategwa, akakana kabisa kuwahi kuwa na mfuko wa plastiki. Ilibidi aelezwe kwamba ule wa zipu, wa vitu vya kuogea, haumo kwenye marufuku.

Ndege ya kwanza iliwashusha Doha. Katikati ya uwanja ule amekaa dubu wa shaba nyeusi aliyepakwa manjano, kimo chake karibu mita saba, na taa kubwa imemtokea kichwani. Ni kazi ya msanii wa Uswisi, Urs Fischer. Watu wazima wenye heshima zao hupeana miadi "pale kwa dubu," na wajumbe wakafanya hivyo. Mama alichelewa. Alikuwa amemsimamisha dada mmoja mwenye sare ya uwanja na kumpangia Kiingereza chake neno moja moja, kama anayehesabu sadaka. Dada akasubiri amalize, kisha akamjibu, "Mama, huko unakoenda ni kutokea mjini. Rudi huku." Alikuwa Mkenya. Wamejaa Doha, na pengine wameokoa safari nyingi za Injili kuliko vitabu vya maombi.

Frankfurt, dirishani kwa ofisa wa pasipoti, maelekezo yalikuwa mafupi: sema umealikwa na usharika rafiki, toa barua, toa bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000, nyamaza. Mzee alipoulizwa amekuja kufanya nini, akajibu kwa Kiingereza safi, "To preach the Gospel."

Ofisa akainua macho. Mzee hakukosea sana: katika majimbo yaliyokuwa Ujerumani Mashariki walio wengi leo hawamo katika kanisa lolote, na Leipzig ndiko Martin Luther alikofanyia mdahalo maarufu mwaka 1519. Lakini foleni ilikuwa ndefu. Barua ikasomwa mara mbili, bima ikageuzwa nyuma na mbele, muhuri ukagongwa.

Treni ya Leipzig huchukua kama saa tatu. Kwaya ilipata viti vizuri, behewa safi, watu wachache. Dirishani palikuwa na picha ya mtu aliyeweka kidole mdomoni, wakaipita kama tangazo la watoto. Ilikuwa sehemu ya ukimya. Ubeti wa pili, sauti ya besi ikiwa ndiyo kwanza imekolea, kondakta akaja na kuwahamishia karibu na choo, ambako waliumalizia wimbo wamesimama.

Wenyeji waliwapokea kwa maua na meza ya jioni ya Kijerumani: mkate mweusi, jibini, soseji baridi, matango. Wajumbe wakala kipande kimoja kimoja, kwa adabu, wakiacha nafasi ya chakula chenyewe. Meza ikaondolewa. Saa tatu usiku jua lilikuwa bado linawaka dirishani, na Mzee akamnong'oneza binti aulize chakula kitaiva saa ngapi.

Mwenyeji, mwalimu mstaafu mwenye moyo safi, aliona haya hadi masikio yakawa mekundu. Mama hakumwachia nafasi ya kuomba radhi. Aliomba sufuria, akaomba kikaango, akaingia jikoni na unga wake. Ugali haukuwa na shida. Dagaa walipogusa mafuta ya moto, king'ora cha moshi kikalia dari nzima, madirisha yakafunguliwa, na jirani wa ghorofa ya juu akashuka na slipa kuuliza kama pameungua.

Mzee, ambaye tangu Frankfurt alikuwa akitafuta mtu wa kumhubiria, akamvutia kiti.