Namtafuta Simba wa Porini
Juzi binti yangu wa darasa la nne karudi na kazi ya nyumbani: andika mambo matano kuhusu simba. "Baba, tafuta kwenye simu." Nikaandika neno moja tu, simba. Nikaletewa Simba klabu ya mpira: msimamo wa ligi. Nikashuka chini: kikosi cha leo, bei ya jezi, kocha kasema nini. Mnyama mwenyewe sikuona hata mkia.

Na mimi ni shabiki wa Yanga, mahasimu wao, tena wa kurithi. Nikaongeza neno "mnyama". Ndiyo nikachochea moto, maana Mnyama ni jina la utani la klabu ileile! Na balaa hili lote ni la mwaka 1971, walipojiita Simba. Kabla ya hapo wakiitwa Sunderland. Wangebaki nalo jina lao la Kizungu, saa hizi ningekuwa nimeshalala.

Nikampigia shemeji yangu aliyeko London. "Hebu andika simba, unaona nini?" Akacheka: magodoro. Kumbe huko kuna kampuni ya magodoro yenye jina hilo. Neno lilelile, herufi tano. Mimi mpira, yeye usingizi, na daftari la mtoto bado jeupe.

Kesho yake asubuhi nikaenda kumlalamikia fundi simu wa mtaani. Akasema mtambo wa kutafutia unaangalia kwanza uko wapi, halafu lugha ya simu yako, na pengine ulichokuwa ukikibonyeza siku za nyuma. Google, akasema, tangu 2009 hata asiye na akaunti wanampangia majibu yake. Nikafungua lile dirisha lisilotunza historia. Wapi! Historia limeificha, Dar es Salaam haikufichika.

Fundi akachungulia historia yenyewe. "Mzee, mbona kila siku unasoma habari za Simba? Mtambo unajua wewe ni Simba damu."

Mimi! Nazisoma, ndiyo. Nazisoma wakifungwa! Zikiwa za droo nazirudia mara mbili. Nani atauelewesha mtambo kwamba mtu anaweza kuhudhuria kila msiba wa jirani kwa furaha?

Jioni binti akaninyang'anya simu, akaandika "simba anakula nini". Nyumbu, pundamilia, nyati, wote wakajitokeza. Akanakili kimya, akafunga daftari. Alipokuwa akinirudishia simu, habari ya usajili mpya wa klabu ya Simba ikajitokeza yenyewe kwenye kioo. Akaniangalia.

"Baba, kumbe wewe ni Simba?"