Mwongozo kwa Anayetaka Kujiundia Mfumo Endeshi Akiwa Katoro

Kwanza, usimwambie mtu. Katoro ukisema unajua kompyuta, utaletewa simu zilizojifunga. Ukisema unaunda mfumo endeshi wako mwenyewe, kama Windows, utaulizwa nani atanunua. "Najifunza tu" si jibu katika mji ambao hata marudio ya karasha, mchanga uliokwisha kukamuliwa dhahabu, yanauzwa.

Usianzie kwenye laptopu ya shemeji. Tumia QEMU, kompyuta ya kuigiza inayokaa ndani ya hiyo uliyonayo, kwa sababu utaiua mara nyingi kabla ya usiku wa manane.

Mashine za kizamani zikiwashwa, bayosi, programu inayoamka kwanza, husoma baiti 512 za mwanzo za diski, kisha hukagua mbili za mwisho. Zikiwa 55 na AA, umekabidhiwa mashine. Zisipokuwa, hakuna wa kumbembeleza. Kwenye 510 zilizobaki ndimo uenee wewe na maneno yako, kwa hiyo salimia Kisukuma, "Mwangaluka", na uishie hapo. Habari za ng'ombe na mvua hazina nafasi.

Kisha kibodi. Umezoea kubonyeza A ukaona A. Sasa hiyo kazi ni yako. Kidole kikishuka inakuja 1E, kikinyanyuka inakuja 9E, na usipozitofautisha utaandika herufi moja na takataka moja. Herufi kubwa? Ukumbuke mwenyewe kwamba Shift bado imeshikiliwa. Utakwama hapa muda mrefu, na kusema kweli hapa ndipo patamu.

Ukikosea orodha ya nini kifanyike saa au kibodi inapobisha hodi, kompyuta itajizima na kujiwasha bila kusema neno. Majirani watasema ni umeme. Wakubalie.

Utajiliwaza na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki aliyetangaza Agosti 1991 kwamba mfumo wake, uliokuja kuitwa Linux, ni wa kujifurahisha tu. Wenzako wa mradi wa Kilinux, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walikuwa na akili zaidi: mwaka 2004 waliichukua programu ya ofisini, OpenOffice, iliyokwisha kuandikwa, wakaitia Kiswahili, ikaitwa Jambo OpenOffice. Hiyo ni njia ya watu wanaotaka kumaliza. Haikuhusu.

Siku moja mjomba atakuja kutoka Kahama, atatazama herufi nyeupe kwenye skrini nyeusi. "Mpwa wangu, inafungua WhatsApp?" Mwambie bado: kwanza kugawa kumbukumbu, halafu mafaili, halafu kadi ya mtandao. Akiuliza lini, nawe muulize duara lake la dhahabu la Mwakitolyo litatema lini.