Neno la Shukrani kwa Kijistari

Kwenye harusi ya mpwa wangu, neno la shukrani lilichukua dakika 40. Ilishukuriwa kamati, wakashukuriwa wapishi na mpiga picha, mshereheshaji akajishukuru mwenyewe mara mbili, na hata jenereta ya jirani ikapata sifa zake. Mchangiaji mkubwa kuliko ukoo mzima hakutajwa, wala hakuna aliyemsogezea sahani ya pilau. Nasema juu ya kile kijistari cha wima kinachokonyeza kwenye kioo cha simu unapoandika, ambacho usipokihitaji kimesimama palepale, ukikihitaji kimehama. Kwa kuwa kamati imesahau, nasimama mimi.

Nianze na nasaba, maana hasifiwi mtu asiye na kwao. Kijistari ni mzaliwa wa Marekani. Huko kukonyeza kwake kuliombewa hataza mwaka 1967 na Charles Kiesling, mhandisi wa kampuni ya Sperry Rand, na hataza ikatoka 1970. Skrini za siku hizo zilijaa herufi tupu, na jicho lilitaka kitu cha kuwaka na kuzimika ili lijue lilipo. Jina lake la Kizungu, *cursor*, limetoka kwenye Kilatini, na maana yake ni mkimbiaji. Aliyelichagua alikuwa anaona mbali.

Utotoni kililelewa kwa adabu. Kilikuwa chini ya vitufe vya mishale, kisha chini ya kipanya, ambacho Douglas Engelbart alikionyesha hadharani San Francisco mwezi Desemba 1968. Miaka ya 1970, katika maabara ya Xerox kule Palo Alto, Larry Tesler na Tim Mott wakakifundisha kukata, kunakili na kubandika, kazi ambayo wahariri walikuwa wakiifanya kwa mkasi na gundi. Nacho kilitii. Sisi wa enzi za simu za vitochi tunakumbuka: bonyeza mara moja, kinasogea herufi moja, bonyeza mara nne, kinasogea nne, kimya, bila kuuliza. Leo nikikumbuka naona haya kwa niaba yake. Kiumbe kizima, hakina hata msimamo!

Uhuru wake ulifika mwaka 2007, iPhone ya kwanza ilipotoka ikiwa kioo kitupu. Tangu hapo kijistari hakiamrishwi, kinaombwa. Hata kule kunakili na kubandika, iPhone ilikaa bila huduma hiyo mpaka Juni 2009, kana kwamba Tesler hakuwahi kuzaliwa. Ilikuwa na lenzi, lakini: ukishikilia kidole juu ya maandishi, duara linatokea na kukuza herufi. Lenzi hiyo ikaondolewa mwaka 2019, ikarudishwa 2021. Mzee kanyang'anywa miwani, kakaa miaka miwili anapapasa, halafu karudishiwa kwa shangwe kama zawadi mpya.

Sasa tutazame vipimo. Ncha ya kidole changu ina upana wa sentimita moja na ushei. Pengo la kati ya herufi mbili kwenye simu yangu halifiki milimita moja. Na kidole hicho hicho ninachoonyeshea ndicho kinachoziba ninapopaonyesha, kwa hiyo sehemu pekee ya kioo nisiyoiona ni ile ninayoitaka. Wazee walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Nadhani chawa alikuwa mfano tu, walishaiona simu ya kupangusa inakuja.

Lakini sifa yake kuu, na hii sijasikia mtu akiitaja, ni ualimu wa Kiswahili. Nilimaliza kidato cha nne bila kujua kiambishi cha njeo kinakaa wapi. Nimekuja kukijua utu uzima, ndani ya daladala la Barabara ya Kilwa, mkono mmoja kwenye bomba na mwingine kwenye simu, nikimwandikia baba mwenye nyumba: "Shikamoo baba. Nimelipa kodi yote." Nikasoma, nikaona nimemdanganya mtu mzima. Nilitaka kusema "Nitalipa". Kazi ndogo: *me* itoke, *ta* iingie.

Nikagusa baada ya *me*. Kijistari kikakimbilia mwisho wa neno. Nikagusa kushoto kidogo, kikaruka mpaka mbele ya N. Nikagusa katikati kwa ukucha, kwa upole, kama mtu anayetoa mwiba kwenye unyayo wa mtoto. Neno zima likawa buluu, na yakatokea yale matone mawili ya kuchagulia, moja huku na moja kule, yamekaa kama machozi, sijui ya simu au yangu. Juu yake kikachomoza kibao cha kata, nakili, bandika, kikaifunika Shikamoo yote. Hapo tukawa tumefika Mtongani, dereva akakanyaga breki, dole gumba likatua kwenye kitufe cha kutuma.

Jibu likaja kabla sijashuka: "Marahaba mwanangu, Mungu akuongezee." Kwa siku tatu, mpaka baba mwenye nyumba alipokwenda kuangalia salio lake, nilikuwa mpangaji mwaminifu aliyelipa kodi. Hali hiyo sijawahi kuipata kwa juhudi zangu mwenyewe.

Ndipo nilipoelewa. Kiingereza hubadilisha mkia wa neno, au huweka kineno kingine pembeni. Kiswahili hubadilisha tumbo. Nimelipa, ninalipa, nitalipa, ningelipa: kichwa kilekile, mkia uleule, kesi yote iko tumboni. Na simu yangu inajua milango miwili tu ya neno, wa mbele na wa uani. Walioitengeneza walikisia kwamba anayegusa neno anataka ukingo wake, na kwa lugha yao walikisia vizuri. Zipo simu zinazokubali kuingia katikati ya neno. Ila kati ya herufi zipi, hapo huulizwi. Kisha kuna kugusa mara mbili, kunakochagua neno zima. Mwingereza akigusa mara mbili anapata kineno. Mimi nikigusa "sitakulipia" nimezoa mtenda, ukanushi, wakati, mtendewa na ugomvi wenyewe, vyote kwa pigo moja. Nani mwingine amewahi kunipa mavuno hayo?

Basi nije kwenye ule mchango wake wa harusi.

Kwa asiyewahi kuwekwa kwenye kundi la harusi, utaratibu ni huu. Orodha ya ahadi inatumwa, kila mtu anainakili yote, anaongeza jina lake chini, anaibandika upya. Kamati yetu haina habari na mkato, tarakimu zinaandikwa zimeshikana. Namba 34 alikuwa Mjomba, 50000. Namba 35 nilikuwa mimi. Nilikusudia 30000, nikaandika 3000, nikaona sifuri imepungua. Nikagusa mwisho wa mstari wangu, nikabonyeza sifuri, nikatuma, nikalala. Nani husoma upya orodha ya watu 35?

Kijistari kilikuwa kimesimama mstari wa juu. Mjomba akaamka ameahidi 500000. Mimi nikaamka nimeahidi 3000.

Kufikia saa tatu asubuhi watu kumi na mmoja walikuwa wameshainakili orodha na kujiongeza chini yake, na kosa likinakiliwa mara kumi na moja linakuwa kumbukumbu. Zikaanza pongezi, vile vikono vya njano vya kupiga makofi, safu kwa safu. Dada yangu akanipigia mimi faragha kuuliza kama kuna shida nyumbani. Mjomba akawa anasoma tu, tiki mbili za buluu, hajibu. Ni mstaafu wa bandarini, ana heshima zake, na wakwe walikuwa ndani ya kundi lilelile. Atakanushaje? Siku ya tatu akaandika maneno mawili: "Tuko pamoja." Wiki ya harusi akaleta bahasha.

Piga hesabu. Kijistari kilimwongezea Mjomba 450,000 na kunipunguzia mimi 27,000. Faida kwa harusi ni 423,000. Mwenyekiti wa kamati mwenyewe alitoa laki moja, tena kwa awamu.

Mpwa wangu mwingine, kijana wa chuo, aliponiona nahangaika alinionea huruma. "Anko, bonyeza kitufe cha nafasi, kishikilie, halafu telezesha." Nikafanya. Kijistari kikatembea! Herufi kwa herufi, mbele na nyuma, kama zama za kitochi. Kumbe siku zote njia ilikuwa chini ya dole gumba langu, bila alama, bila mshale, bila maandishi yoyote ya kunijulisha. Nilitaka kukasirika nikaona hapana, huo ndio unyenyekevu: mwenye kipaji hajitangazi. Isitoshe hakikujitoa chote. Ukishakifikisha unapotaka, ukiinua dole tu, kinapiga hatua moja ya ziada, kwa hiari yake.

Imebaki kazi moja. Kwenye simu yangu kuna ujumbe ambao haujatumwa, umekaa huko wiki ya tatu sasa: "Shikamoo Mjomba. Ile sifuri ya kwenye orodha, nilikosea." Ni wa kweli, ila umezidi ukweli. Ningependa usomeke "kilikosea". Ni herufi moja tu, *n* iwe *k*, na lawama inahamia ngeli nyingine: kijistari, kioo, kidole, yeyote wa KI-VI atakayejitokeza, ilimradi si mimi. Nimejaribu kwenye foleni, nimejaribu benki, nimejaribu nikiwa nimelaza simu mezani na kushika pumzi. Jana usiku kilikubali. Kilikaa sawasawa kabisa, kati ya *n* na *i*, kinakonyeza. Nikainua dole.