Sifa za Mkate wa Piza Usiokandika

Mkate wa piza usio na gluteni haukandiki, na sifa zake nyingine zote zimetokana na hiyo. Unga wa ngano humtaka mpishi akunje mikono ya nguo, aegemee meza na kulisukuma donge kwa viganja kwa dakika kumi, mpaka jasho la kipaji lianze kudondoka karibu na bakuli. Unga wa mchele na muhogo haumpi mtu adhabu hiyo. Ukikandwa hauvutiki, ukivutwa hukatika, na ukiachwa mezani hutambaa polepole kuelekea ukingoni kama uji wenye safari zake. Mpishi hana la kufanya ila kushika kiuno na kutazama. Katika ukoo wote wa unga, hakuna mwingine unaowapumzisha watu kiasi hicho bila kuombwa.

Kinachokosekana ndani yake ni gundi. Punje ya ngano ina protini za aina mbili, gliadini na glutenini, ambazo zikiwa kavu kila moja haina habari na mwenziwe. Zikipata maji na mkono wa mkandaji hushikana zikasuka wavu unaovutika. Hamira inapokula sukari na kutoa hewa, hewa hiyo hunaswa wavuni na donge likaumuka. Ni wavu huohuo unaomwezesha muuzaji wa Zanzibar piza pale Forodhani kukitandaza kidonge mpaka kikawa chembamba kama kitambaa, na fundi wa Napoli kulirusha duara la unga hewani na kulidaka likiwa zima. Ufundi huo wa Napoli uliingizwa na UNESCO mwaka 2017 katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu. Donge lisilo na gluteni halimo katika orodha yoyote. Likirushwa hewani hurudi vipande vipande, na kipande kilichonasa darini hurudi kesho yake, wakati wa chai.

Neno gluteni lenyewe ni la Kilatini, na maana yake ni gundi. Jacopo Bartolomeo Beccari, mwanazuoni wa Bologna, alieleza mwaka 1728 jinsi alivyoliosha donge la ngano kwa maji mpaka wanga wote ukaondoka na kubaki kitu chenye mnato. Maelezo yake yalichapishwa mwaka 1745. Jaribio hilo linaweza kurudiwa leo kwenye bomba lolote la jikoni: maji meupe hutiririka, na mkononi hubaki kitu kinachovutika kama ubani uliotafunwa. Likirudiwa kwa unga wa mchele, maji huondoka na kila kitu na mkono ukabaki mtupu. Unga usioficha kitu ni huo.

Mtu asidhani kwamba mkate huu ulibuniwa na walafi. Nasaba yake ni ya hospitalini. Wenye ugonjwa wa seliaki, ambao hukadiriwa kuwa mtu mmoja katika kila 100, wakila gluteni kinga ya mwili wao huushambulia utando wa utumbo mwembamba, na utumbo ulioharibika haunyonyi chakula. Mtoto hula na bado hukonda, tumbo likavimba na mapaja yakaisha. Dawa haijapatikana, tiba ni kuacha ngano, shayiri na rai maisha yote. Kabla hilo halijajulikana, madaktari walijaribu vyakula vya kila namna. Samuel Gee wa London, aliyeueleza ugonjwa huo mwaka 1888, alitaja mtoto aliyelishwa kila siku chombo kizima cha kome wa Uholanzi akanawiri ajabu, mpaka msimu wa kome ulipokwisha. Msimu uliofuata mtoto akakataa katakata hata kuwaonja. Mwaka 1924 Sidney Haas wa New York alikuja na ndizi. Watoto wake walikula ndizi, wakanyimwa mikate na nafaka, wakapona, na ndizi ikasifiwa kwa kazi iliyofanywa na mkate usiokuwepo. Ukweli ulidhihirika Uholanzi. Katika baridi ya njaa ya mwaka 1944 hadi 1945 mkate uliadimika, na watoto wenye seliaki, tofauti na wenzao, wakapata nafuu. Mkate uliporudi, nao wakarudi kitandani. Daktari wao, Willem Karel Dicke, alikuwa ameishuku ngano tangu zamani, na mwaka 1950 akaandika tasnifu yake juu ya jambo hilo huko Utrecht.

Mkate huu, basi, unawadai shukrani watu wasioweza kula mwingine. Wako pia wanaoukimbilia kwa kusikia tu kwamba gluteni ni sumu, nao huwa hodari kuliko wagonjwa wenyewe katika kuhoji wenye nyumba. Kwa mwenye utumbo mzima gluteni haina kosa. Na anayejishuku hufanya vibaya kuiacha kabla ya kupimwa, kwa sababu kipimo cha damu hutafuta askari ambao mwili huwaita pale tu adui anapoingia.

Unga unaofaa si kitu cha kuagizwa mbali. Madukani Ulaya na Marekani kuna boksi za unga maalumu wa piza, ghali kuliko ngano mara kadhaa, na anayesoma pembeni mwa boksi hukuta mchele, mahindi, viazi na muhogo. Muhogo ambao nyumbani uliitwa chakula cha njaa, ukafichwa chini ya kawa mgeni alipobisha hodi, umekwenda ughaibuni ukarudi na jina la kizungu na bei ya kuheshimiwa. Katika bakuli kila unga una tabia yake. Mchele ndio mwili wa mkate, ila ukisagwa kwa pupa hupiga mchanga, na mlaji huhisi ametafuna kipande cha ufuo. Muhogo huleta mvuto kidogo na ukoko unaovunjika vizuri. Uwe wa makopa yaliyoandaliwa sawasawa, maana muhogo mchungu usiolowekwa wala kuvundikwa hubeba sumu ya sianidi. Ulezi hutoa rangi ya kahawia na harufu ya shamba. Mtama nao si mbaya. Koliflawa iliyokunwa na kukamuliwa imesifiwa sana na wengine, lakini hiyo ni mboga iliyolazimishwa kazi isiyoisomea.

Hatari iko kwenye mashine ya kusagia. Mchele safi ukipita katika jiwe lililotoka kusaga ngano hutoka na ngano, na kiwango cha kimataifa cha gluteni katika chakula kinachoruhusiwa kuitwa kisicho nayo hakizidi miligramu 20 katika kilo nzima. Vumbi lililobaki kwenye pembe za mashine hutosha kukivuka. Ndiyo maana nyumba yenye mgonjwa husaga mchele wake kwa blenda au kinu chake, ikawa na chekeche lake na mwiko wake. Suji nayo huwahadaa wengi: jina ni jingine, ngano ni ileile.

Aliyeifukuza gundi moja hulazimika kuajiri nyingine, na hapo mkate huu huonyesha ukarimu usio wa kawaida katika kuchagua marafiki. Gundi ya zanthani, inayouzwa kama ungaunga mweupe, hutengenezwa na bakteria aitwaye Xanthomonas campestris, ambaye shambani huozesha kabichi. Iligunduliwa katika maabara ya wizara ya kilimo ya Marekani huko Peoria, Illinois, alikofanya kazi mkemia Allene Jeanes. Gundi ya pili ni isabgoli, maganda ya mbegu zinazolimwa kwa wingi Gujarati, yanayouzwa katika maduka ya dawa za Kihindi kwa wenye kufunga choo. Hivyo piza hiyo hushikamanishwa ama na kiozesha kabichi ama na dawa ya tumbo, na haioni aibu kwa lolote kati ya hayo. Wapishi wengi siku hizi huipenda isabgoli, kwa kuwa huvuta maji mengi ikawa utelezi mzito kama bamia, na utelezi huo ndio unaozishika hewa za hamira zisikimbie.

Kwa duara moja la upana wa sentimita 30 hivi hutosha gramu 150 za unga wa mchele uliosagwa laini, gramu 100 za unga wa muhogo, gramu 15 za isabgoli, vijiko viwili vya chai vya hamira, kimoja cha sukari, kimoja cha chumvi, vijiko viwili vikubwa vya mafuta na mililita 280 za maji vuguvugu. Maji hayo ni mengi kuliko uzito wa unga wenyewe, ilhali ngano hutosheka na kama theluthi mbili. Hamira huamshwa kwa maji kidogo na sukari. Isabgoli hutiwa katika maji yaliyobaki na kuachwa dakika tano iwe utelezi. Kisha vyote hukutanishwa na unga na kupigwa kwa mwiko. Hapo ndipo hodari wa chapati huharibu mambo. Akiona rojo huongeza unga, akiona bado huongeza tena, na mwisho huoka kigae. Bakuli likifunikwa na kuwekwa pahali pa joto kwa dakika 45, mchele hunywa maji yake, mchanga ukapungua, na rojo huinuka. Haliongezeki mara mbili. Huinuka kidogo, kwa adabu, kama mtu anayempisha mzee kwenye kiti.

Mpishi wa pwani hashangazwi na lolote kati ya haya, au hapaswi kushangazwa. Mkate wa kumimina, ambao Mombasa huitwa pia mkate wa sinia, ni mchele uliolowekwa ukasagwa na tui la nazi, ukatiwa hamira, sukari na iliki, ukaachwa uumuke. Jina limebeba maelekezo yote: humiminwa, haukandwi. Vitumbua ni ndugu zake. Watu waliokuwa wakiyajua haya karne nyingi kabla ya boksi lolote kuandikwa neno gluteni ndio leo hulinunua boksi hilo, wakajaribu kulisukuma kwa kifimbo cha chapati, wakalilaumu. Hata kazi ya gundi ilikwishapatiwa njia jikoni kwao. Robo ya unga wa muhogo ikimwagiwa maji yanayochemka na kusongwa kama ugali, wanga wake hupasuka ukawa mnato unaowashika wenzake. Mikate midogo ya jibini ya Brazil hushikamana kwa hila iyo hiyo.

Kuutandaza mkate huu ni saa ya kuonana naye ana kwa ana. Mkono mkavu ukiugusa, hugandama kwenye vidole vitano kama mdai wa mwisho wa mwezi. Mkono wa pili ukija kuokoa, nao hukamatwa. Na mlango hubishwa wakati huohuo. Mkono uliochovywa mafuta hauguswi. Rojo hupakuliwa katikati ya karatasi ya kuokea, kiganja chenye mafuta kikalisukuma kutoka kati kwenda pembeni, kikiwa kimelazwa, mpaka unene ubaki kama wa kidole kidogo na ukingo uinuke kidogo kuzuia sosi. Duara kamili halipatikani. Hupatikana kitu chenye umbo la kisiwa, kikiwa na ghuba na rasi zake, na watoto hugombea rasi.

Hauokwi mara moja. Kwanza huingia tupu katika oveni ya nyuzi 220 kwa dakika 12 hadi 15, mpaka uso ukauke na pembe zianze kubadilika rangi. Ukipakwa sosi ukiwa mbichi, maji ya nyanya hushuka ndani na katikati hubaki uji chini ya jibini iliyoiva, udanganyifu ambao hugunduliwa mezani mbele ya wageni. Baada ya hapo sosi huwekwa kidogo na iwe nzito, jibini na vinginevyo vikafuata, na mkate hurudi motoni dakika nane au kumi. Nyumba isiyo na oveni hutumia moto wa juu na chini, kama wa kumimina: sufuria pana yenye kifuniko bapa, makaa machache chini na mengi juu ya kifuniko. Moto wa chini ukizidi, chini huungua na juu hubaki weupe wa mgonjwa.

Kula kwake kuna masharti mepesi. Kipande hakining'inizwi kwa ncha kama wafanyavyo wenye piza za ngano, kwa kuwa ncha hubaki sahanini. Hushikwa kwa mikono miwili, au huliwa kwa uma. Mgeni huuliza, "Hii ni piza au kumimina yenye nyanya?" na mwenye nyumba humwongezea kipande. Ukiwa wa moto, ukoko wake hulia meno yanapoupata, na ndani huwa laini wenye mvuto kidogo. Ladha ya mchele iliyopata moto ni nzuri, na hilo halisemwi kwa mzaha.

Utamu huo una saa zake. Mkate ukipoa, wanga uliolainishwa na joto huanza kujipanga upya na kukaza, na ubaridi wa friji huuharakisha zaidi. Kufikia asubuhi kipande hupata ugumu unaofaa kuegemeza mlango. Kikinyunyiziwa maji na kurudishwa kwenye kikaango kilichofunikwa, hulainika tena kwa muda wa kutosha kukila. Ambavyo havikuliwa hukaushwa, vikatwangwa kinuni, na chenga zake huzungushiwa samaki au katlesi kabla ya kukaangwa. Chenga hizo hutiwa katika kopo kavu lenye kifuniko cha kubana, na kopo huandikwa jina kwa herufi kubwa, kwa sababu chenga za ngano zilizoko rafu hiyohiyo zinafanana nazo kabisa.